Jaribio la Panya na Asili ya Dawa ya Mti

Panya hawezi kusema "ninaumia". Mtafiti basi husoma matendo yake: humweka juu ya bamba lenye joto la nyuzi 55 hivi, akahesabu sekunde hadi alambe mguu au aruke. Aliyenyweshwa maji ya mizizi akikawia, husemwa kwamba maumivu yamepungua. Kwa kweli kilichopimwa ni kukawia tu, na dawa ya kulevya usingizi nayo hukawisha.

Hata nafuu ya kweli haielezi ilikotoka. Majaribio ya panya yalikuwa yamekwisha kuonyesha kwamba maji ya mizizi ya Nauclea latifolia, mti wa tiba nchini Kamerun, hutuliza maumivu. Mwaka 2013 watafiti wa Grenoble na wenzao wakatangaza kwamba mizizi hiyo ina tramadoli, dawa iliyobuniwa Ujerumani. Ajabu kubwa! Mwaka 2014 kundi la Dortmund lilipinga: tramadoli ilionekana katika mizizi ya kaskazini, ya kusini haikuwa nayo. Tena katika mizizi, udongo na maji ya kaskazini mlikuwamo mabaki ambayo dawa hiyo huacha ikipita mwilini mwa mnyama. Wafugaji wa huko huwapa ng'ombe tramadoli, na mikojo huingia ardhini. Grenoble hawakukubali, na mabishano yakaendelea.

Kwa hiyo anayenunua mizizi katika soko moja na kuiita "dawa ya asili" amewahi mno. Hana budi kuchimba mti uleule mahali mbalimbali, na kuwauliza wafugaji wanachowanywesha wanyama wao.