Chimbuko la Roki Ngumu: Bluzi ya Chicago, Vikuza Sauti vya London na Suala la Umiliki

Utangulizi

Roki ngumu ni tawi la muziki wa roki lililopata sura yake kamili nchini Uingereza na Marekani kati ya mwaka 1968 na 1970. Tawi hili hutambulika kwa sifa nne zinazokwenda pamoja: gitaa la umeme lenye sauti ya kukwaruza, kipande kifupi cha gitaa kinachorudiwarudiwa na kuwa uti wa mgongo wa wimbo, mdundo mzito wa dramu na gitaa la besi, na sauti ya mwimbaji inayopandishwa hadi ukomo wake. Mijadala mingi kuhusu chimbuko la muziki huu huelekea katika kutafuta wimbo wa kwanza. Mkabala huo una udhaifu, kwa sababu kila wimbo unaopendekezwa huwa na sifa moja au mbili tu, na nyuma yake huwapo mwingine uliotangulia. Makala haya yanafafanua kwamba roki ngumu ilitokana na kukutana kwa mambo mawili yaliyokua katika mahali tofauti, yaani bluzi ya umeme ya Chicago na teknolojia ya kukuza sauti. Aidha, yanaonesha kwamba namna chimbuko hilo linavyoelezwa ina athari katika kuamua ni nani anayehesabiwa kuwa mwenye mali.

Bluzi ya umeme ya Chicago

Katika nusu ya kwanza ya karne ya 20, Wamarekani weusi wengi walihama majimbo ya kusini kwenda katika miji ya viwanda ya kaskazini. Miongoni mwao alikuwapo McKinley Morganfield, ajulikanaye zaidi kwa jina la Muddy Waters, aliyetoka Mississippi na kufika Chicago mwaka 1943. Bluzi aliyokuja nayo ilikuwa ya gitaa lisilo la umeme, iliyofaa baraza la nyumba au mkusanyiko mdogo wa shambani. Katika vilabu vya Chicago vilivyojaa watu na kelele, gitaa hilo halikusikika. Hivyo basi, gitaa la umeme lilichukuliwa kwanza kwa sababu ya haja, na ladha mpya ikafuata baadaye.

Kampuni ya Chess, iliyoongozwa na ndugu wawili, Leonard na Phil Chess, ilirekodi sehemu kubwa ya muziki huo kuanzia mwaka 1950. Ndani ya kampuni hiyo alifanya kazi Willie Dixon, mpigaji besi na mtunzi ambaye nyimbo zake ziliimbwa na Muddy Waters, Howlin' Wolf na wengineo. Katika nyimbo hizo sifa mbili kati ya nne zilizotajwa zilikwisha kuwapo: kipande cha gitaa kinachorudiwa na mdundo mzito. Mwimbaji wa injili Sister Rosetta Tharpe naye alikuwa akipiga gitaa la umeme kwa ufundi mkubwa kabla rokenroli haijapewa jina, jambo linaloonesha kwamba chimbuko hili halikuwa la wanaume peke yao wala la vilabu vya pombe peke yake.

Kasoro iliyogeuzwa kuwa sauti

Sifa ya mkwaruzo ilianza kama hitilafu. Kikuza sauti cha valvu kina kiwango cha mwisho cha umeme kinachoweza kupitisha bila kuubadili. Kikilazimishwa kuvuka kiwango hicho, vilele vya wimbi la sauti hukatwa, na kukatwa huko huzalisha sauti nyingine za juu ambazo hazikuwamo katika uzi uliopigwa. Matokeo yake ni mawili. Kwanza, sauti hudumu muda mrefu zaidi, na mpigaji anaweza kuivuta kama mwimbaji avutavyo pumzi. Pili, mchanganyiko wa noti nyingi huvurugika, ilhali noti mbili zenye uhusiano sahili husikika zikiwa imara. Ndiyo sababu roki ngumu ilielekea kutumia vipande vya noti chache vyenye nguvu badala ya mfuatano wa noti nyingi zilizounganishwa.

Mifano ya awali inathibitisha kwamba sauti hiyo iligunduliwa zaidi ya mara moja. Wimbo wa "Rocket 88" wa mwaka 1951 ulirekodiwa kwa kikuza sauti kilichoharibika. Mwaka 1958 Link Wray alitoboa spika zake ili kupata ukali aliouhitaji katika "Rumble", kipande kisicho na maneno ambacho hata hivyo baadhi ya vituo vya redio vya Marekani vilikataa kukipiga. Mwaka 1964 Dave Davies wa bendi ya The Kinks alichana kwa wembe spika ya kikuza sauti kidogo, na mlio wake ukasikika katika "You Really Got Me". Wakati huohuo viwanda vilianza kuuza hitilafu hiyo kama bidhaa. Kifaa cha Maestro Fuzz-Tone kiliingia sokoni mwaka 1962, na wanunuzi wakaongezeka baada ya The Rolling Stones kukitumia katika wimbo wao wa mwaka 1965, "(I Can't Get No) Satisfaction".

Ukubwa wa sauti ulikuwa suala jingine. Jim Marshall, mpigaji na mwalimu wa dramu aliyekuwa na duka la ala magharibi mwa London, alianza kutengeneza vikuza sauti mwanzoni mwa miaka ya 1960 kwa kufuata mfano wa Bassman wa kampuni ya Fender, kwa kuwa vile vya Marekani vilikuwa ghali. Kufikia mwaka 1965 wanamuziki wa The Who walikuwa wakimtaka awatengenezee vyenye nguvu zaidi, na kikuza sauti cha wati 100 kikapatikana. Kuanzia hapo bendi ya watu watatu au wanne iliweza kuujaza ukumbi mzima.

Kukutana London

Bluzi ya Chicago ilifika Uingereza kwa santuri na kwa wasanii wenyewe. Muddy Waters alizuru nchi hiyo mwaka 1958, na baadhi ya wasikilizaji waliotarajia gitaa la kijijini walishtushwa na ukali wa gitaa lake la umeme. Kuanzia mwaka 1962 ziara za American Folk Blues Festival, ambazo Willie Dixon alishiriki kuziandaa, ziliwapeleka wasanii wa bluzi Ulaya. Vijana wa Kiingereza waliipokea bluzi hiyo kwa bidii. Hata jina la The Rolling Stones lilitokana na wimbo wa Muddy Waters.

Mwaka 1966 ulikuwa wa mabadiliko. Eric Clapton, akiwa katika bendi ya John Mayall, alirekodi albamu ambayo ndani yake gitaa la Gibson Les Paul liliunganishwa na kikuza sauti cha Marshall kilichofunguliwa kwa nguvu. Katika mwaka huohuo aliunda Cream pamoja na Jack Bruce na Ginger Baker. Mnamo Septemba 1966 Jimi Hendrix, mzaliwa wa Seattle, aliwasili London. Kwa Hendrix, njia ya bluzi ilifunga duara: Mmarekani mweusi alikuja kupiga muziki wa asili yake kwa vifaa vya Kiingereza, mbele ya wasikilizaji waliojifunza muziki huo kutoka katika santuri za Marekani.

Kati ya mwaka 1968 na 1970 sifa zote nne zilikusanyika. Led Zeppelin iliundwa mwaka 1968 na kutoa albamu mbili mwaka 1969. Black Sabbath kutoka Birmingham ilitoa albamu yake ya kwanza mwaka 1970. Mpigaji gitaa wake, Tony Iommi, alikuwa amepoteza ncha za vidole viwili katika ajali kiwandani, na jeraha hilo lilichangia uamuzi wake wa kutumia nyuzi nyepesi na, baadaye, kuzilegeza hadi mlio ukawa mzito zaidi. Deep Purple nao walitoa "In Rock" mwaka huohuo. Farrokh Bulsara, yaani Freddie Mercury, aliyezaliwa Zanzibar mwaka 1946, ni wa kizazi kilichofuata: albamu ya kwanza ya Queen ilitoka mwaka 1973, wakati misingi imekwisha kuwekwa.

Suala la umiliki

Maelezo hayo yana uzito wa kisheria na kimaadili. Katika albamu yake ya kwanza, Led Zeppelin iliitambua kazi ya Willie Dixon katika nyimbo mbili. Hata hivyo, "Whole Lotta Love" ya mwaka 1969 ilitolewa bila jina lake, ingawa maneno yake yalikaribiana na ya "You Need Love", wimbo alioutunga Dixon na kurekodiwa na Muddy Waters mwaka 1962. Dixon alifungua shauri mwaka 1985, na mwaka 1987 pande mbili zikapatana nje ya mahakama. Jina lake liliongezwa baadaye miongoni mwa watunzi.

Inaweza kudaiwa kwamba bluzi yenyewe ni mapokeo, na kwamba wasanii wake walizoea kuazimana maneno na tuni. Dai hilo lina ukweli, lakini halitoshi. Kuazimana ndani ya jamii moja, ambamo kila mmoja huazima na kuazimwa, ni tofauti na kuazima kwa upande mmoja kunakoishia katika hakimiliki iliyosajiliwa na mapato makubwa. Pale mapokeo yanapoingia sokoni, kulitaja jina la mtunzi hakubaki kuwa adabu tu, bali huwa ndiyo njia ya malipo.

Hitimisho

Imebainika kwamba roki ngumu haikuzaliwa na wimbo mmoja. Chicago ilitoa umbo la nyimbo. Mafundi na wapigaji wa nchi mbili walitoa mlio. London ikawa mahali pa makutano. Mtafiti anayeanzia mwaka 1968 atawaona Waingereza kuwa waasisi na wanabluzi kuwa athari ya mbali. Anayeanzia Chicago ataona kazi moja inayoendelea, yenye watunzi wanaojulikana kwa majina. Kwa hiyo, uteuzi wa mahali pa kuanzia historia ya utanzu wowote unapaswa kuelezwa na kutetewa waziwazi, kwa kuwa kutokana na uteuzi huo baadhi ya watu huitwa watunzi na wengine hubaki kuitwa vyanzo.