Kusafishwa Uso kwa Mara ya Kwanza: Mambo ya Kujua Kabla ya Kuketi Kitini

Huduma ya kusafisha uso sasa inapatikana katika saluni nyingi za mijini. Huiendea bibi harusi, kijana mwenye chunusi, na hata mwanamume anayesumbuliwa na vipele vya kunyolea ndevu. Wengi hutoka wakiwa wameridhika, lakini baadhi hutoka na madoa ambayo hawakuingia nayo. Tumeandika makala haya ili mteja anayekwenda kwa mara ya kwanza ajue anachonunua, aulize nini, na akatae nini.

Jina moja, huduma tatu

Jambo la kwanza ni kutambua kwamba chini ya jina moja zimo huduma tatu zenye hatari tofauti.

Ya kwanza ni usafishaji wa kawaida: uso huoshwa, hupigwa mvuke, husuguliwa kwa skrabu laini, hupakwa maski, kisha krimu ya kulainisha. Hatari yake kuu ni kusuguliwa kupita kiasi, kukamuliwa chunusi kwa kucha, na kutumiwa vifaa vichafu.

Ya pili ni kuambua ngozi kwa asidi, kama vile ya glaikoliki, ya laktiki au ya salisiliki. Asidi hulegeza kinachoshikilia seli zilizokufa juu ya ngozi ili zibanduke. Kinachoamua usalama ni ukali wake na muda inaokaa usoni. Jopo la wataalamu wanaopitia usalama wa viambato vya vipodozi nchini Marekani lilihitimisha kuwa asidi za glaikoliki na laktiki katika vipodozi vya nyumbani zisizidi asilimia 10, na pH isishuke chini ya 3.5. Katika saluni, kwa mhudumu aliyefunzwa, zisizidi asilimia 30, pH isishuke chini ya 3.0, zipakwe kwa muda mfupi na kuoshwa. Asidi kali zaidi ya hapo ni kazi ya daktari wa ngozi.

Ya tatu ni ile inayotoboa ngozi kwa visindano, wakati mwingine pamoja na kupaka au kudunga damu ya mteja mwenyewe. Hapa hatari si madoa peke yake. Mwaka 2024, mamlaka za afya nchini Marekani zilichapisha uchunguzi uliohusisha maambukizi ya Virusi vya UKIMWI na huduma ya aina hii katika kituo kisicho na leseni kwenye jimbo la New Mexico. Tunashauri huduma yoyote inayotoa damu ifanyike katika kituo cha afya kilichosajiliwa tu.

Ngozi nyeusi ina tabia yake

Ngozi yenye rangi nyingi ikiungua au kuvimba huweza kujibu kwa kutengeneza rangi zaidi. Jeraha dogo likishapona huacha doa jeusi linaloweza kudumu kwa miezi. Kwa hiyo, imani kwamba "ikichoma sana ndiyo inafanya kazi" ni imani ya kuachwa. Aidha, wekundu ambao vitabu vingi huutaja kuwa dalili ya kuungua huenda usionekane vizuri kwenye ngozi nyeusi. Sikiliza joto, maumivu na uvimbe.

Usifiche unachotumia

Mweleze mhudumu, hata kama hakuulizi, iwapo unatumia krimu ya tretinoini au vidonge vya isotretinoini, iwapo una ujauzito, hupata vidonda vya homa mdomoni, au una mzio. Mweleze pia kama umekuwa ukitumia mkorogo au krimu za kung'arisha ngozi. Tunajua kwamba jambo hili huonewa aibu. Hata hivyo, krimu zenye steroidi hupunguza unene wa ngozi, na ngozi iliyopungua unene huungua kwa asidi ambayo mwingine angeivumilia bila shida. Kulisema kunaweza kukuepusha na jeraha.

Maswali ya kuuliza kabla ya kulipa

• Huduma hii ni ipi kati ya zile tatu, na itapakwa asidi gani, ya asilimia ngapi?
• Mhudumu alijifunza kazi hii wapi?
• Naweza kuona chupa au kopo lenyewe? Likague: jina la mtengenezaji, orodha ya viambato, tarehe ya mwisho wa matumizi. Bidhaa iliyohamishiwa katika kopo lisilo na lebo ikatae. Kataa pia yenye zebaki au haidrokwinoni, ambazo ni viambato vilivyopigwa marufuku katika vipodozi nchini Tanzania.
• Vifaa vya chuma husafishwaje baada ya kila mteja? Kufuta kwa kitambaa hakutoshi. Sindano na wembe viwe vipya na vifunguliwe mbele yako.
• Je, nitajaribiwa kwanza? Bidhaa kidogo hupakwa nyuma ya sikio au ndani ya mkono, na matokeo husubiriwa kwa saa 24 hadi 48.

Kwa sababu hiyo ya mwisho, usiende kwa mara ya kwanza juma la harusi. Fanya mapema, walau mwezi mmoja kabla, ili ngozi ipate nafasi ya kupona endapo itakataa.

Baada ya huduma

Kuwashwa kidogo na ukavu wa siku chache ni kawaida. Epuka jua kali, paka krimu ya kukinga jua yenye SPF 30 au zaidi, usisugue uso, na usibandue ngozi inayobanduka yenyewe.

Maumivu makali, malengelenge, uvimbe wa macho au usaha si kawaida. Ikiwa asidi inachoma ukiwa bado kitini, sema "acha" na udai uso uoshwe mara moja kwa maji mengi safi yanayotiririka, kwa muda wa dakika 20. Kisha nenda kituo cha afya. Usipake dawa ya meno wala krimu nyingine ya saluni juu ya jeraha.

Haki yako

Kulipa hakukufungi mdomo. Una haki ya kuelezwa, ya kusitisha huduma katikati, na ya kupewa risiti. Ukidhurika, tunza risiti, piga picha ya uso kila siku, na ikiwezekana piga picha ya lebo ya bidhaa. Tangu mwaka 2019, usimamizi wa vipodozi nchini uko chini ya Shirika la Viwango Tanzania, na malalamiko kuhusu bidhaa yenye kiambato cha sumu hupelekwa huko. Taarifa ya mteja mmoja huweza kuliondoa kopo hilo rafuni kabla halijafika kwenye uso wa mwingine.