Bwana Mapesa na mlango wa Ikulu
(Sehemu ya pili)

Mwaka 1995 Watanzania walipiga kura ya kwanza ya urais tangu mfumo wa vyama vingi urejeshwe mwaka 1992. Karatasi ya kura ilikuwa na majina manne. Benjamin Mkapa alikuwa waziri wa miaka mingi. Augustino Mrema alikuwa amewahi kuwa Waziri wa Mambo ya Ndani na Naibu Waziri Mkuu kabla ya kuihama CCM. Ibrahim Lipumba alikuwa profesa wa uchumi. Wa nne alikuwa John Momose Cheyo wa UDP, mfanyabiashara mzaliwa wa Bariadi, aliyesimama majukwaani akiahidi jambo ambalo hakuna mgombea mwingine aliyethubutu kulisema waziwazi: atawajaza wananchi mapesa mifukoni. Jina la Bwana Mapesa likamganda tangu siku hizo.

Ni rahisi kuichukulia ahadi ile kama kichekesho cha kampeni. Aliyeijua Bariadi ya miaka ile, ilipokuwa bado wilaya ya Mkoa wa Shinyanga, hakucheka. Pamba ndiyo iliyokuwa ikijenga nyumba, kulipa ada na kununua ng'ombe, na kwa muda mrefu mkulima alikuwa akiikabidhi kwa chama cha ushirika kisha anangoja malipo, wakati mwingine msimu mzima. Sheria ya mwaka 1994 ilifungua ununuzi kwa kampuni binafsi. Ghafla wanunuzi walianza kushindana vijijini, na fedha taslimu zikaonekana kwenye mizani. Katika hali hiyo, mtu aliyezungumzia fedha badala ya itikadi alikuwa anazungumza lugha ya wasikilizaji wake.

Hata hivyo, mfanyabiashara kuutaka urais lilikuwa jambo geni, karibu la kushtua. Azimio la Arusha la mwaka 1967 lilimkataza kiongozi kuwa na hisa katika kampuni, kuwa mkurugenzi wa kampuni ya kibepari, kupokea mishahara miwili au kuwa na nyumba ya kupangisha. Masharti hayo yalilegezwa Zanzibar mwaka 1991, miaka minne tu kabla ya Cheyo kugombea. Kizazi kizima kilikuwa kimefundishwa kwamba uongozi na biashara havikai chumba kimoja. Mwalimu Nyerere mwenyewe, katika hotuba zake za mwaka 1995, alisisitiza kwamba Ikulu ni mahali patakatifu, pasije pakageuzwa pango la walanguzi. Hakuwa akimlenga Cheyo, lakini mfanyabiashara yeyote aliyetamani kuingia pale alilazimika kujibu swali lililokuwa ndani ya maneno yale.

Matokeo yalikuwaje? Cheyo alipata kura 258,734, karibu asilimia 4. Mkapa alishinda kwa asilimia 61.8. Mwaka 2000 Cheyo alirudi uwanjani na kupata kura 342,891, asilimia 4.2. Kura ziliongezeka kwa zaidi ya 84,000, lakini nafasi yake ikabaki ile ile, ya nne. UDP ilipata majimbo matatu katika uchaguzi wa kwanza na matatu tena katika wa pili. Ngome yake ilikuwa Usukumani. Nje ya hapo, mapesa yalisikika kama kaulimbiu tu, kwa sababu hapakuwa na matawi, makatibu kata wala mawakala wa kuyageuza maneno kuwa kura.

Hapo ndipo hoja ya makala haya inapokaa. Mfanyabiashara asiyetokana na chama kikubwa hakwami kwa sababu wapiga kura wanachukia utajiri. Wasukuma wanamheshimu mwenye mali aliyeitafuta kwa jasho, na mkulima wa Itilima au Maswa anajua kumpima mnunuzi: je, mizani yake ni ya haki, na je, analipa siku aliyosema? Anakwama kwenye chama.

Katiba, katika Ibara ya 39, inamtaka mgombea urais awe raia wa kuzaliwa, awe ametimiza miaka 40, na awe mwanachama wa chama cha siasa aliyependekezwa na chama hicho. Mchungaji Christopher Mtikila aliipinga sehemu hiyo ya mwisho kwa takriban miaka 20. Mahakama Kuu ilimpa haki mara mbili. Mara ya kwanza Bunge lilibadili Katiba ili kuuziba mwanya, na mara ya pili, mwaka 2010, Mahakama ya Rufani iliitengua hukumu. Juni 2013 Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, yenye makao Arusha, iliamua kwamba Tanzania inavunja haki kwa kumzuia mgombea binafsi. Mtikila alifariki dunia mwaka 2015, na katika uchaguzi wa mwaka 2025 sharti la chama lilikuwa bado linatumika.

Kikwazo cha pili kinatajwa kwa nadra, ingawa uzito wake ni mkubwa. Mwaka 1995 mshindi alitakiwa kuvuka nusu ya kura. Marekebisho ya mwaka 2000 yaliliondoa hitaji hilo: sasa anayeongoza ameshinda, hata akiwa na theluthi moja.

Ili kuona maana yake, tuitazame Benin, nchi ya pamba kama ilivyo Bariadi. Patrice Talon alitajirika kwa kuuza pembejeo na kuchambua pamba. Mwaka 2012 alikimbilia Ufaransa akituhumiwa kupanga kumwekea sumu Rais Boni Yayi, akasamehewa mwaka 2014, akarejea nyumbani mwaka uliofuata. Machi 2016 aligombea urais bila chama. Katika mzunguko wa kwanza alikuwa wa pili, nyuma ya Waziri Mkuu Lionel Zinsou. Wagombea walioshindwa wakamuunga mkono, na mzunguko wa pili akashinda kwa asilimia 65. Kwa kanuni za Tanzania, Talon asingeruhusiwa kugombea, na hata angeruhusiwa, Zinsou angeapishwa baada ya mzunguko ule wa kwanza.

Wafanyabiashara wengine waliofika mbali walianzia ngazi ya chini. Marc Ravalomanana wa Madagaska, aliyeanza kwa kuuza maziwa ya mgando kwa baiskeli hadi kumiliki kampuni ya Tiko, alikuwa meya wa Antananarivo kabla ya kuwa rais mwaka 2002. Moïse Katumbi aliongoza Katanga kama gavana tangu 2007 hadi 2015, na mwaka 2023 akashika nafasi ya pili katika uchaguzi wa urais wa Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo.

Cheyo aliilenga Ikulu akiwa hajashika ofisi ya namna hiyo. Sifa zake zilionekana vizuri zaidi baadaye, akiwa Mbunge wa Bariadi Mashariki na mwenyekiti wa Kamati ya Bunge ya Hesabu za Serikali, akizipitia hati za matumizi ya umma pamoja na ripoti za Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu. Kazi hiyo inahitaji jicho la mtu aliyewahi kusumbuliwa na daftari lake mwenyewe. Ni hasara kwamba sifa hiyo haikuwa mbele ya mpiga kura mwaka 1995. Katika uchaguzi wa mwaka 2015 UDP ilitoka bila jimbo hata moja.

Simiyu, mkoa uliozaliwa mwaka 2012 na ambamo sasa imo Bariadi, haujaacha kuutamani urais. John Shibuda wa Maswa aligombea mwaka 2020 kupitia ADA-TADEA. Luhaga Mpina, aliyekuwa Mbunge wa Kisesa na Waziri wa Mifugo na Uvuvi, alihamia ACT-Wazalendo Agosti 2025 na kuteuliwa kugombea. Tume ya uchaguzi ilimwondoa, Mahakama Kuu Dodoma ikamrejesha Septemba, na siku chache baadaye Tume ikamwondoa tena. Mpina ni mwanasiasa wa muda mrefu mwenye jina la kitaifa. Kama yeye amekwamishwa na utaratibu wa uteuzi ndani ya chama, tajiri wa jineri asiye na kadi ya muda mrefu ana safari ndefu zaidi.

Njia iliyobaki kwake ni CCM. Mwaka 2015 zaidi ya watu 40 walichukua fomu huko, Kamati Kuu ikabakiza watano na Halmashauri Kuu watatu. Januari 2025 Mkutano Mkuu Dodoma ulimpitisha Rais Samia Suluhu Hassan bila mchuano wa fomu. Sehemu ya tatu itaeleza jinsi vikao hivyo vinavyofanya kazi, na nafasi ya fedha ndani yake tangu Sheria ya Gharama za Uchaguzi ya mwaka 2010.