MIDOMO KUVIMBA BAADA YA KULA: SI LAZIMA IWE SUMU



Wengi wetu hapa kambini tumetoka mwambao wa Ziwa Tanganyika, Rumonge na Nyanza-Lac. Wapo waliokimbia mwaka 1972, wengine 1993, wengine 2015. Wote tumekuja na mapishi ya kwetu: sombe, mawese na dagaa.

Katika bloku yetu msichana mmoja alikula sombe kwa jirani. Kabla hajamaliza sahani, midomo ilivimba na mwili ukajaa mabaka ya kuwasha. Ndugu zake wakasema ametiliwa sumu, na watu wakajazana mlangoni kwa yule mama. Zahanati walipouliza, mama mzazi alikumbuka kwamba tangu utotoni, huko Rumonge, binti yake akila dagaa huwashwa mdomo. Sombe ile ilitiwa dagaa waliotwangwa. Ulikuwa ni mzio, au aleji kama wengi wanavyosema.

MZIO NI NINI?

Mwili una kinga ya kupigana na magonjwa. Kwa baadhi ya watu kinga hiyo hukosea, ikapigana na chakula kizuri kana kwamba ni adui. Watu kumi wanaweza kula chungu kimoja akaumia mmoja tu. Ndiyo maana wengi hudhani kuwa huyo amelengwa. Mzio hauambukizi.

Vinavyoleta mzio mara nyingi ni samaki, karanga, mayai, maziwa, kuumwa na nyuki, na dawa kama penisilini.

Lakini wakiwashwa watu kadhaa waliokula samaki wale wale, huenda samaki waliharibika kabla ya kukaushwa. Kuwapika tena hakuondoi madhara. Watupeni.

UFANYE NINI?

1. Mgonjwa aache chakula hicho mara moja, apelekwe zahanati.

2. Ni HATARI akipumua kwa shida, sauti ikikwama, ulimi ukivimba au akizimia. Msimtembeze, mbebeni. Anayepumua kwa shida akae. Anayezimia alazwe, miguu iinuliwe. Anahitaji haraka sindano ya adrenalini.

3. Msimtapishe. Msimnyweshe maziwa, mawese wala dawa za miti shamba, maana vinaweza kumpalia.

4. Akipata nafuu asikimbilie nyumbani. Dalili zinaweza kurudi baada ya saa chache.

Hata kama mnashuku sumu, njia ni ile ile: zahanati kwanza.

JINSI YA KUJIKINGA

(a) Kinachokudhuru usikile tena, hata kidogo cha kujaribu. Maharage yanaweza kushika nafasi ya samaki.

(b) Ukialikwa, uliza: "Mmetia karanga? Mmetia dagaa?" Kuuliza si dharau. Nawe unayepika, mwambie mgeni ulichotia.

(c) Usitumie mwiko wa chungu cha dagaa kwa chakula cha mwenye mzio.

(d) Mwambie muuguzi dawa iliyowahi kukudhuru, aiandike kwenye kadi yako.

Yule mama na ile familia wanasalimiana tena, lakini iliwachukua wiki nyingi. Tusifike huko. Kabla ya kumtuhumu jirani, tuulize kwanza: ndani ya chungu kulikuwa na nini?

Kwa maelezo zaidi, mwone mhamasishaji wa afya wa bloku yako.