Nadharia ya uambatano

Nadharia ya uambatano ni maelezo ya kisaikolojia kuhusu jinsi binadamu anavyojifunga kwa watu wachache walio karibu naye: kwanza mtoto kwa mlezi wake, baadaye mtu mzima kwa mchumba au mwenzi wa ndoa. Kadiri ya nadharia hiyo, haja ya kuwa na mtu wa kukimbilia wakati wa hofu si udhaifu wala utoto, bali ni sehemu ya maumbile ya binadamu tangu kuzaliwa hadi kufa.

Mwanzilishi wake ni John Bowlby (1907–1990), daktari wa magonjwa ya akili wa Uingereza. Aliyeiendeleza zaidi ni Mary Ainsworth (1913–1999), mwanasaikolojia mzaliwa wa Marekani aliyekulia Kanada. Sehemu muhimu ya ushahidi wa kwanza ilikusanywa nchini Uganda.

Chanzo

Baada ya Vita vikuu vya pili vya dunia, Shirika la Afya Duniani lilimwomba Bowlby achunguze hali ya watoto waliokosa makao. Katika ripoti yake ya mwaka 1951 alieleza kwamba kumlisha na kumvisha mtoto hakutoshi. Anahitaji pia upendo wa kudumu wa mama au wa mtu aliyeshika nafasi yake.

Wakati huo wataalamu wengi waliamini kuwa mtoto humpenda mama kwa sababu ndiye anayempa chakula. Mwaka 1958 Mmarekani Harry Harlow alitangaza matokeo ya majaribio yake juu ya kima wachanga waliotenganishwa na mama zao. Kima hao waling'ang'ania sanamu iliyofunikwa kitambaa laini, hata pale maziwa yalipotoka katika sanamu nyingine ya waya mtupu. Bowlby alifafanua nadharia yake kwa ukamilifu katika vitabu vitatu vilivyotolewa miaka 1969, 1973 na 1980.

Utafiti wa Uganda

Mwaka 1954 Ainsworth alifika Kampala pamoja na mumewe. Akisaidiwa na wakalimani, alitembelea familia 26 za Baganda katika vijiji vya jirani, akirudi katika kila nyumba kwa miezi kadhaa. Nia yake ya kwanza ilikuwa kuchunguza watoto wanavyoachishwa kunyonya.

Aliona kuwa mtoto anayetambaa humwacha mama, huenda kuchezea vitu, kisha hugeuka kumtazama au humrudia kabla ya kwenda tena. Mama alikuwa kwake kama kituo: akijua kipo, alithubutu kwenda mbali. Aliona pia kuwa akina mama walioweza kueleza kwa undani tabia na mahitaji ya watoto wao ndio ambao kwa kawaida walikuwa na watoto watulivu. Kitabu chake juu ya utafiti huo kilitoka mwaka 1967.

Aina za uambatano

Baadaye, katika mji wa Baltimore, Ainsworth alibuni jaribio fupi. Mama na mtoto wa mwaka mmoja hivi huwekwa katika chumba kigeni. Mama hutoka kwa dakika chache, kisha hurudi. Jambo kuu si kama mtoto alilia, bali anavyompokea mama anaporudi. Kutokana na hayo zilitajwa aina tatu:

- Uambatano salama: mtoto humwendea mama, hutulia, kisha hurudia mchezo.
- Uambatano wa wasiwasi: mtoto humshika mama lakini hakubali kubembelezwa, huku akionyesha hasira.
- Uambatano wa kujitenga: mtoto hujifanya hajali, ingawa mwili wake huonyesha fadhaa.

Katika miaka ya 1980 iliongezwa aina ya nne, yaani uambatano uliovurugika, ambapo mtoto hana namna moja ya kumwendea mlezi, hasa ikiwa mlezi huyohuyo humtia hofu.

Katika mapenzi ya watu wazima

Katika utafiti uliotangazwa mwaka 1987, Cindy Hazan na Phillip Shaver walichapisha hojaji katika gazeti la Denver, Marekani, wakiwauliza wasomaji juu ya mapenzi yao. Zaidi ya nusu ya waliojibu walichagua maelezo ya uambatano salama. Waliobaki waligawanyika kati ya wasiwasi na kujitenga.

Tofauti hizo huonekana katika mambo madogo. Mume amechelewa kurudi na hapokei simu. Mke mwenye uambatano salama hudhani ana shughuli, naye humuuliza akifika. Mwenye wasiwasi hupiga tena na tena, akihofu kuachwa. Mwenye kujitenga husema moyoni kwamba hamhitaji mtu, akanyamaza siku mbili.

Mwenye wasiwasi akioana na mwenye kujitenga, mara nyingi huzuka mzunguko: mmoja anavyozidi kudai maneno, mwingine anavyozidi kukaa kimya, na kimya hicho humzidishia wa kwanza hofu. Kila mmoja humwona mwenzake kuwa ndiye chanzo, kumbe wote wawili wanajikinga na maumivu.

Uhakiki

Wataalamu wengine wamesema kuwa nadharia hiyo inamtwika mama lawama nyingi na kusahau tabia ambayo mtoto anazaliwa nayo. Wengine wamekumbusha kwamba katika jamii nyingi mtoto hulelewa na watu wengi. Kwa mfano, kati ya Waefe wa msitu wa Ituri, nchini Kongo, watoto wachanga hubebwa na hata kunyonyeshwa na wanawake mbalimbali.

Mabadiliko

Uambatano wa utotoni si hukumu ya maisha. Tafiti zilizofuatilia watu kwa miaka mingi zimeonyesha uhusiano kati ya utoto na utu uzima, lakini si wa nguvu kiasi cha kutabiri ndoa ya mtu. Mwenzi mwaminifu, rafiki au mshauri anaweza kumsaidia mtu ajifunze kuamini upya. Vilevile usaliti unaweza kumtikisa aliyekuwa salama.

Hivyo aina hizo hazifai kutumika kama jina la kumbandika mwenzi wakati wa ugomvi. Wala kuelewa chanzo cha tabia yake hakumlazimishi mtu kuvumilia kipigo au udhalilishaji. Faida yake ni kumwezesha kila mmoja kutambua hofu iliyo nyuma ya hasira au kimya, na kuitaja kwa maneno.