Kalusha Bwalya: kutoka uwanjani mpaka ku biro

Swali hili linarudi kila mara kwetu: mchezaji mkubwa akiacha kucheza, anaweza kuongoza federasyo ya mpira? Mimi naona jirani yetu Kalusha Bwalya anatupatia jibu, na jibu lenyewe linatuhusu hata sisi wenye diplome.

Kalusha alizaliwa mwaka 1963 kule Mufulira, muji wa shaba wa Zambia, karibu na mpaka wetu wa Mokambo. Alicheza Mufulira Wanderers, akaenda Cercle Brugge ya Ubelgiji, halafu PSV ya Uholanzi. Mwaka 1988, ku Michezo ya Olimpiki ya Seoul, alifunga Italia magoli 3, Zambia ikashinda 4-0. Mwaka huohuo akachaguliwa mchezaji bora wa Afrika.

Tarehe 27 Aprili 1993, ndege ya timu ya Zambia ilianguka baharini karibu na Libreville, Gabon. Watu wote 30 walikufa, kati yao wachezaji 18. Kalusha hakuwa ndani, maana yeye alipaswa kusafiri peke yake kutoka Uholanzi. Mwaka 1994 aliongoza timu mpya mpaka finale ya Kombe la Afrika. Walifungwa na Nigeria 2-1, lakini Zambia ilikuwa imesimama tena.

Mwaka 2008 akawa raisi wa federasyo ya Zambia. Hapa njo kazi inabadilika. Uwanjani, mguu wako unakujibia. Ku federasyo, raisi hapigi mpira: anatafuta pesa ya safari, anafuata mikataba ya makocha, anapatanisha vilabu, anatoa hesabu. Tena mashabiki hawamuchague. Wanaopiga kura ni wajumbe.

Tarehe 12 Februari 2012, Zambia ilipata Kombe la Afrika kwa mara ya kwanza. Na wapi? Libreville, palepale karibu na mahali ndege ilianguka. Walishinda Côte d'Ivoire kwa penalti 8-7, na penalti ya mwisho ilipigwa na Stoppila Sunzu, aliyekuwa mchezaji wa TP Mazembe yetu ya Lubumbashi. Kocha alikuwa Hervé Renard, raisi wa federasyo alikuwa Kalusha.

Mtu angesema: huyu sasa hatoki tena. Lakini mwaka 2016 wajumbe walichagua Andrew Kamanga. Mwaka 2018, FIFA ikamufungia Kalusha miaka 2 juu ya pesa alizopokea kutoka kwa Mohamed bin Hammam, kiongozi wa zamani wa mpira wa Asia. Alikata rufaa, na mwaka 2019 adhabu ikafupishwa. Sisemi haya kwa kumuchafua. Kwangu anabaki mkubwa. Nasema kwa sababu magoli 3 ya Seoul hayawezi kujibu swali moja dogo la biro: hii pesa ilitoka wapi, na kwa nini?

Kwetu pia, jina na diplome vinafungua mlango. Ukishaingia, watu watauliza karatasi. Kwa hiyo, hata kama unaongoza tu kamati ndogo ya wanafunzi, soma sheria za kikundi, weka risiti, andika ripoti, na ujue kwamba kiti kina muda wake. Mazoezi ya biro yanaanzia pale.