Bariere, mizani na skana: nani ana haki ya kukuomba nini kwenye uwanja wa ndege?

Kila tunapozungumza juu ya safari, wasikilizaji wanatuuliza jambo moja: kwa nini, ukifika kwenye uwanja wa ndege na tiketi yako mkononi, unasimamishwa mara tano, mara sita mbele ya kupanda? Huyu anaomba kitambulisho, yule anafungua begi, mwengine tena anataka kuona kikaratasi. Nani kati yao anafanya kazi ya usalama, na nani anatafuta matabishi? Tumeona vizuri tueleze pole pole, kwa sababu kuna vizuizi vinavyolinda maisha yako na kuna vingine havina msingi. Mtu asiyejua tofauti anakasirikia vyote sawasawa, ao anakubali vyote sawasawa.

Huku mashariki ndege si jambo la matajiri peke yao. Kwa mtu wa Beni anayeenda Bunia, barabara ya kupitia Komanda imemwaga damu nyingi, na mwenye uwezo wa kupata nafasi ndani ya ndege haisiti. Anayetoka Kindu ao Kalemie kwenda Kinshasa, barabara haimfikishi. Kwa hiyo ndani ya mstari unakuta mgonjwa anayeenda kupasuliwa, mwanafunzi, mama mchuuzi na mzigo wake wa kuuza.

Tuanze na kanuni zenyewe. Hazikutungwa na mkubwa wa uwanja fulani. Shirika la kimataifa la ndege za kiraia, OACI, ndilo linaloweka kipimo kwa inchi wanachama, na Kongo ni mmoja wao. Kitabu chake cha usalama kinaitwa Annexe 17. Kilipitishwa mwaka 1974, wakati ule watu wenye silaha walikuwa wanateka ndege kila mara. Huku kwetu sheria ya usafiri wa anga ni ya tarehe 31 mwezi wa 12 mwaka 2010. AAC, yaani mamlaka ya ndege za kiraia, inachunga kama kanuni zinafwatwa. RVA, Régie des Voies Aériennes, inasimamia viwanja. Kampuni ya ndege nayo inabaki na kazi ya kujua ni nani amepanda na amebeba nini.

Uwanja wowote umegawanyika pande mbili. Kuna upande wa mji: parkingi, ofisi za tiketi, ukumbi ambamo ndugu wanakuja kukuaga. Kuna upande wa ndege. Kati ya hizo mbili inapaswa kuwa mstari usiovukwa ovyo: ukuta, senyenge, mlango wenye mlinzi. Ukisha kupekuliwa na kuvuka, unahesabiwa kuwa safi. Ndiyo maana ukirudi nje dakika moja tu kumpa mtoto ufunguo uliosahau mfukoni, utapekuliwa tena toka mwanzo. Hawakuchukii. Kama mtu aliyepekuliwa anagusana na mtu asiyepekuliwa, kazi yote imeharibika na lazima irudiliwe.

Hata wafanyakazi wanafungwa na mstari huo. Beji shingoni haimpi mtu ruhusa ya kufika popote. Inaonyesha ni sehemu gani anaruhusiwa. Anayefagia ukumbi hana sababu ya kusimama chini ya bawa la ndege. Na mkubwa anayepita na walinzi wake bila begi kuguswa? Kanuni inataka abiria na mizigo yao ya mkononi vipekuliwe. Wanaoachiliwa ni wachache sana, na mfuko wa kidiplomasia una utaratibu wake. Shemeji ya kamanda hayumo.

Jambo ambalo watu wanalidharau zaidi ni ule ukuta wa kuzunguka uwanja. Kwa vijiji vingine barabara ya ndege inakata njia ya watu ya kwenda shamba, na mtu anaona ni mateso kuzunguka kilomita mbili wakati anaweza kuvuka kwa dakika tatu. Mbuzi naye haombi ruhusa. Lakini ndege kubwa ya abiria inagusa chini ikiwa na mwendo wa kupita kilomita 200 kwa saa, na rubani hana nafasi ya kukwepa kama dereva wa piki.

Goma inajua hasara ya kukaa karibu sana. Tarehe 15 mwezi wa 4 mwaka 2008, ndege ya Hewa Bora aina ya DC-9 ilishindwa kuruka, ikapita mwisho wa barabara na kuingia ndani ya Birere, mahali pa soko na nyumba. Karibu watu 40 walikufa, na wengi wao hawakuwa hata abiria. Tarehe 24 mwezi wa 11 mwaka 2019, ndege ndogo ya Busy Bee iliyokuwa inaenda Beni ikaanguka juu ya nyumba za mtaa wa Mapendo, hatua chache tu toka pale. Anayejenga kwenye mwisho wa barabara ya ndege kwa sababu kiwanja ni cha bei ndogo, na anayemuuzia kiwanja hicho na makaratasi yenye mihuri, wote wawili wanaingia ndani ya jambo hili la usalama, hata kama hakuna anayewapekua.

Mizani sasa. Abiria wengi wanafikiri kupima mizigo ni njia ya kampuni ya kukamata dola za ziada tu. Dola zinalipwa, ni kweli. Lakini rubani anahitaji kujua uzito wote ili ahesabu urefu wa barabara atakaotumia mbele ya kuruka. Tarehe 8 mwezi wa 1 mwaka 1996, kule N'Dolo mjini Kinshasa, Antonov iliyobeba uzito kupita kiasi haikuweza kuinuka. Ilimalizikia ndani ya soko la Simbazikita na kuua watu zaidi ya 200 waliokuwa chini. Kwa hiyo yule kijana anayekunong'oneza kwamba atapitisha gunia lako nyuma ya mizani kwa faranga kidogo, anauza kitu ambacho si chake. Ndege ndogo ndizo zinaumia zaidi: kwenye ndege ya watu 19, gunia tano za siri zina maana kubwa.

Juu ya mabegi, kuna kisa kimoja cha Kongo ambacho dunia nzima ilikisikia. Tarehe 25 mwezi wa 8 mwaka 2010, ndege aina ya Let 410 ya kampuni Filair ilianguka ikikaribia kutua Bandundu. Watu 21 walikuwa ndani. Alipona mmoja tu. Kufwatana na maelezo ya huyo aliyepona, abiria mmoja alikuwa ameficha mamba mdogo ndani ya begi. Mamba akatoka. Watu kwa woga wakakimbilia mbele wote pamoja, ndege ikapoteza usawa. Wengine wanacheka wakisikia kisa hiki. Mimi ninaona ni somo la bariere kuliko masomo yote: hapakuwa na bomu wala bunduki, kulikuwa begi ambalo hakuna aliyelifungua.

Vitu vingine vinakatazwa na watu hawajui sababu. Esanse, gazi ya kupikia, risasi, baruti, hayo kila mtu anaelewa. Lakini zebaki, ile ambayo wachimba dhahabu wa Ituri na Maniema wanaita merkiri? Chupa ndogo tu inaonekana haina neno. Hata hivi mwili wa ndege umejengwa kwa sehemu kubwa na aluminiamu, na zebaki inakula aluminiamu. Ikimwagika chini ya sakafu, hakuna anayeiona, na chuma kinaendelea kudhoofika. Ndege inaweza kuwekwa pembeni muda mrefu kwa ajili ya chupa moja. Asidi ya batri ya gari ni vivyo hivyo, inakula chuma.

Pawabanki nayo inaleta ugomvi kila siku. Hii haiwekwi ndani ya mzigo unaoenda chini, inabebwa mkononi. Batri za litiamu zinaweza kujiwasha zenyewe, na moto ukitokea juu, karibu na watu, mtu atauona na kuuzima. Chini hakuna mtu. Kipimo ni Wh 100 bila kuomba ruhusa. Kati ya 100 na 160 kampuni inapaswa kukubali kwanza. Kama imeandikwa mAh tu, zidisha na 3.7 kisha gawanya kwa 1000. Ile ya 20 000 inatoa Wh 74, inapita. Ile ya 30 000 inatoa 111, uulize mapema. Kwa wanaoenda ng'ambo, kumbuka tena vitu vya maji ndani ya begi la mkononi: chupa isizidi mililita 100. Kanuni hiyo ilianza mwaka 2006, baada ya polisi ya Uingereza kugundua njama ya kulipua ndege kwa vilipuzi vya maji.

Kuhusu mwili wako: mlango unaolia ukipita unatafuta chuma tu, hautumii miale ya radio kama ya hospitali. Mama mwenye mimba asiogope. Mwenye kifaa cha moyo ndani ya kifua aseme mbele, atapekuliwa kwa mkono. Mwanamke apekuliwe na mwanamke, na kama hayupo, ana haki ya kuomba atafutwe. Wakaaji wa Beni, Butembo na Ituri wanakumbuka pia kupimwa joto na kunawa mikono wakati wa Ebola, kati ya 2018 na 2020. Ile nayo ilikuwa kazi ya mlango, na ilikuwa ya bure.

Tufike kwenye pesa, mahali panapouma. Ada inayojulikana ni Go-Pass ya RVA, iliyowekwa mwaka 2009 kwa kujenga na kutengeneza viwanja: wakati huo ilikuwa dola 10 kwa safari ya ndani, dola 50 kwa safari ya nje. Ukinunua tiketi, uliza kama Go-Pass imo tayari ndani ya bei, ili usilipe mara mbili. Anayelipa ada hiyo ana haki pia ya kuuliza kwa nini senyenge imekatika na mbuzi wanapita. Sijui kwa nini swali hilo linaonekana la uchokozi.

Kwa mipaka, dekreti ya tarehe 28 mwezi wa 3 mwaka 2002 ilitaja huduma nne tu: duane, ambayo leo ni DGDA, OCC, DGM na usafi wa mipaka. Ukikuta meza ya sita ao ya saba inaomba kitu, uliza kwa heshima inasimamia nini. Na kwa safari ya ndani, mkongomani hahitaji pasiporti wala visa. Katiba, kifungu cha 30, inampa kila mtu aliye ndani ya inchi haki ya kuzunguka na kukaa anapotaka. Kuonyesha kitambulisho ni lazima, kwa sababu jina la tiketi linapaswa kuwa jina la anayepanda. Kuonyesha na kulipa ni vitu viwili.

Kwa hiyo, ukiombwa pesa kwa ajili ya kupekuliwa, usipige kelele na usitoe simu kupiga foto, kwa maana kupiga foto kwenye uwanja kunakatazwa na utajipa kesi nyingine. Omba risiti yenye jina la huduma na kiasi. Kama hakuna risiti, tazama beji, shika akilini jina, saa na meza gani, kisha mwambie mkubwa wa RVA wa uwanja ao ajenti wa kampuni yako mbele ya kupanda, wakati ungali pale. Na ufike masaa mawili mbele: anayefika akikimbia, akiwa jasho tupu, ndiye anayelipa bila kuuliza.